Kilo Themanini za Mchanga

Ghala la ushirika pale Chiola limepima vitu vingi. Limepima korosho, ufuta na mbaazi, na siku moja lilimpima mlevi aliyekuwa anabishana na mwenzake nani mnene. Mchanga lilikuwa halijapima, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa sita Bibi Biasha alipofika anasukuma baiskeli, kiroba kimekazwa kwenye keria kwa mipira, akamwambia karani: "Nipimie huu. Nataka kilo ishirini kamili, na usinipunje."

"Nikupunje mchanga, Bibi?"

"Mkishazoea kupunja mnachagua?"

Karani akapima. Zilikuwa kumi na nane. Bibi Biasha akatoka nje, akachota mchanga kwa viganja kando ya ghala, akaongeza mpaka mizani ikasema ishirini. Akafunga kiroba, akakaza kitenge kiunoni juu ya suruali ya marehemu mumewe, akapanda, akaenda zake kuelekea mtoni. Hapo ndipo watu wa Chiola walipoamini maneno yaliyokuwa yanapita kijijini: mwanamke wa miaka sitini na mbili anajiandaa kwenda Chunyu kwa baiskeli, na kurudi.

Chunyu iko wilaya nyingine, Ruangwa. Kutoka Chiola unafika kwanza Nachingwea mjini, ukitoka hapo unaikamata njia ndefu ya Ruangwa, mlima ukiisha mwingine unaanza, na ukifika Ruangwa bado hujafika. Vijana wenye pikipiki wanaipita njia hiyo, wakishuka wanashika mgongo na kulalamika. Tena kwenda si kitu. Kwenda hata mbuzi anakwenda. Kurudi ndiko kwenye maneno.

Wala hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anagombea nyumba yake.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimechachamaa, Bibi Biasha aliteleza kwenye tope akitoka kisimani na madumu mawili, na baiskeli ikamlalia. Alikaa mtaroni tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nyonga imekataa kabisa kuinuka, hadi wapita njia walipomsikia anaimba. Naam, anaimba. Alisema kupiga mayowe kunachosha kuliko kuimba. Mwanawe wa pekee, Masoudi, anayeuza vipuri vya pikipiki Ruangwa mjini, alipopigiwa simu alifunga duka mchana kweupe, akaja mbio, na alikuja na neno moja tu: mama ahamie kwake. Baiskeli iuzwe, shamba la mikorosho likodishwe kabla ya msimu, chumba kipo na mkewe ameshakipaka rangi.

Tumtendee haki Masoudi. Hakuwa na tamaa ya shamba. Alikuwa na hofu, hofu ya mtoto aliyekwisha kumzika baba na hataki kupokea simu nyingine ya namna ile. Lakini Bibi Biasha naye alikuwa na yake. Mikorosho ile aliipanda na mumewe ikiwa miche ya kuinamiwa, na mume alikuwa mgonjwa wa kifua, kwa hiyo kila gunia lililotoka shambani miaka thelathini lilitoka kwenye keria ya baiskeli ile, ya kiume, yenye bomba katikati, na aliyekanyaga pedali ni yeye. Kukaa Ruangwa kwenye chumba kilichopakwa rangi akingoja kuletewa chai, alisema, ni kuzikwa huku unapumua. Na alipolisema hilo alilia, jambo ambalo hakulifanya hata kule mtaroni.

Kwa Wamwera, mama na mwana wakishindwana hawakimbilii kwa mwenyekiti wa kijiji. Wanakwenda kwa mjomba. Mjomba wa Masoudi ni Mzee Mbaruku, kaka yake Bibi Biasha, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Aliwaketisha mkekani, akawasikiliza mpaka wakaishiwa wenyewe. Kisha akakata shauri.

"Biasha anasema ana nguvu. Masoudi anasema hana. Mimi sina mashine ya kupima. Kaburi la mama yetu liko Chunyu, mwaka wa nne huu halijafagiwa. Kabla korosho hazijaanza kudondoka, Biasha aende kwa baiskeli yake akalifagie, arudi mpaka kizingitini kwake. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna kusukumwa. Masoudi afuatane naye awe shahidi. Akienda na kurudi, habari ya kuhama isitamkwe tena mimi nikiwa hai. Lakini mwenye kubebwa, hata hatua kumi, afungashe vyombo."

"Mjomba, atafia njiani," Masoudi akasema.

"Basi atakuwa amehama," akajibu Mzee Mbaruku, akanusa ugoro wake.

Sasa, mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote anajiandaaje na safari? Anabeba mzigo. Hilo halikumtaka mwalimu. Kichwani mwa Bibi Biasha baiskeli na mzigo vilikuwa kitu kimoja. Hata siku ile baiskeli ilipotoka dukani Nachingwea ilitoka na gunia la chumvi nyuma. Basi wiki ya kwanza mchanga kilo ishirini. Wiki ya tatu arobaini. Mwezi wa saba ulipofika katikati, karani wa ghala, ambaye sasa alikuwa anamfutia mizani vumbi kabla hajafika, alisoma themanini na mbili, na vibarua waliokuwa wanapanga magunia wakapiga makofi. Njia ilikuwa ileile, nyumbani mpaka mtoni na kurudi, kilomita tatu basi. Kilichoongezeka ni mchanga.

Spoku nne zilikatika. Akaipakia baiskeli kwenye gari, akaipeleka Nachingwea kwa Bonifasi, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko, Mmakonde, na kwa hiyo mtani wake wa halali, mwenye ruhusa ya kumwambia lolote hata msibani.

"Mmwera, hii baiskeli imekukosea nini?" Bonifasi akauliza huku anaigeuza matairi juu. "Maana mchawi wake ni wewe."

"Kaza spoku, acha domo. Nakwenda Chunyu."

"Nimesikia. Na mimi nimeshanoa jembe. Ukidondoka huko porini, wa kukuzika ni mimi mtani wako, na nitadai jogoo wawili kabla sijachimba."

"Utachimba kaburi la njaa yako. Nikirudi je?"

Bonifasi akamtazama, akaona hatanii. "Ukirudi kwa miguu yako hiyohiyo, nitakaa chini hapa mbele ya kibanda, unimwagie unga kichwani, soko zima lione."

"Unga wa nini?"

"Wa muhogo. Wa mahindi utakuwa unaupoteza."

Aliyemrekebisha alikuwa Tabitha, muuguzi wa zahanati. Bibi Biasha alikwenda kupima presha, maana hata jeuri ina mipaka yake. Presha ilikuwa nzuri kuliko ya Tabitha mwenyewe. Nyonga ilikuwa imepona. Magoti ndiyo yalikuwa yanalia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Unaendesha umbali gani kwa siku, Bibi?"

"Mpaka mtoni na kurudi."

"Na mzigo?"

"Themanini na mbili."

Tabitha akaweka kalamu chini. "Bibi yangu, unajiandaa kwenda Chunyu au unajiandaa kuwa fuso?"

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake. Safari ndefu haishindwi na uzito, inashindwa na saa. Mwili uzoee kukaa juu ya kiti saa nne, saa tano. Mchanga ushuke. Umbali upande kidogo kidogo, siku moja aende, siku ya pili apumzike, na kupumzika asikuite uvivu. Maji anywe kabla ya kiu. Mbaazi, karanga na dagaa visikose chunguni. Na kwa ajili ya magoti akamfundisha dawa ya kigoda: kaa, inuka bila kushika popote, kaa tena, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni.

"Hiyo ndiyo dawa?" Bibi Biasha akauliza, maana alitegemea angalau sindano.

"Ifanye kwanza, ndipo uniulize."

Akaifanya. Mara ya saba mapaja yaliwaka moto, akatamka neno la Kimwera ambalo sitaliandika hapa.

Lakini siku ya kwanza bila mchanga ilikuwa aibu tupu. Baiskeli tupu ilimkataa. Kwa miaka thelathini alikuwa ameegemea mbele kuulipa uzito wa nyuma, mikono imezoea kuukandamiza usukani usiinuke. Sasa nyuma hakuna kitu, na kila alipokanyaga gurudumu la mbele lilikwenda kulia, likaenda kushoto, mara akaingia kwenye shamba la mihogo la kaka yake. Mzee Mbaruku alikuwa barazani. Alinusa ugoro tu, na huko kunyamaza kulimuuma Bibi Biasha kuliko miiba ya uzio.

Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akaogopa kweli. Aliwaza chumba cha Ruangwa. Aliwaza korosho zake zikiokotwa na wageni. Halafu akajiuliza hivi yeye anagombana na nani, na mchanga au na Masoudi, akasimama akafanya kigoda mara kumi.

Kesho yake alitoka tena na baiskeli tupu, na keshokutwa yake. Ilichukua wiki mbili kuizoea, na hata alipoizoea haikunyooka kabisa. Ilikuwa inapepesuka kidogo, na nyuma yake mavumbini ilibaki alama ya nyoka. Lakini ilikwenda. Akafika kijiji cha pili. Akafika nusu ya njia ya Nachingwea. Mwezi wa nane katikati, mikorosho ikiwa imechanua na shamba zima linanukia, alikwenda Nachingwea na kurudi siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, akagundua kwamba magoti yake yamenyamaza. Akacheka peke yake uani mpaka kuku wakakimbia.

Wakaondoka siku ya Jumanne. Yeye mbele na dumu la maji, kifuko cha karanga na viazi, na fagio la kaburi limechomekwa kwenye keria. Masoudi nyuma na pikipiki. Ni kazi ngumu kumfuata mtu wa baiskeli kwa pikipiki; injini inachemka na dereva anasinzia. Kwa hiyo Masoudi alikuwa anatangulia, anaegesha kwenye kona, anasubiri. Kila mama alipotokea akipepesuka, fagio likicheza nyuma, alikuwa anashusha pumzi.

"Mama, pumzika."

"Nitapumzika zikitimia saa nne njiani. Tabitha amesema saa nne."

Walilala Nachingwea. Walilala Ruangwa, kwenye chumba kilekile kilichopakwa rangi, na Bibi Biasha alikisifia sana kwa mkwewe, akakunja shuka asubuhi akaondoka. Kwenye milima mikali alishuka akasukuma mwenyewe, hilo halikukatazwa. Alhamisi saa tano alifika Chunyu. Akafagia kaburi la mama yake, akang'oa majani, akalisomea, kisha akakaa pembeni akalia kidogo, si kwa uchungu. Alikuwa anamwambia mama yake amekujaje. Masoudi alisimama mbali na kofia mkononi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alianza kuomba kimoyomoyo ashindwe yeye, si mama yake.

Jumamosi asubuhi walitoka Ruangwa kurudi. Sasa Jumamosi ile ligi ilikuwa imeanza upya na Namungo, timu ya Ruangwa, ilikuwa inacheza nyumbani. Kama hujui maana yake, maana yake ni kwamba pikipiki zote za wilaya zilikuwa zinakwenda upande mmoja, uwanjani, na Masoudi alikuwa anakwenda upande wa pili, waya wa simu umechomekwa sikioni kungojea matangazo. Kumwacha Masoudi aikose mechi ni adhabu ambayo mjomba hakuitaja, lakini ilikuwemo.

Saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki kilomita kama kumi na tano kufika Nachingwea, tairi la nyuma la pikipiki likalia puu. Masoudi akashuka, akaliangalia. Mtu mwenye duka zima la vipuri Ruangwa, tyubu zimening'inia mpaka mlangoni, njiani hakuwa na hata kiraka. Mganga hajigangi. Akapiga simu kwa rafiki wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote walimjibu kwa kelele za uwanja, na mmoja akamwambia amsubiri mpaka filimbi ya mwisho.

Bibi Biasha akarudi nyuma na baiskeli yake, akasimama juu yake.

"Iache nyumba ile ya kando, yule mama alitukaribisha maji tulipokuwa tunakwenda, atakutunzia. Kisha panda."

"Nipande wapi?"

"Kwenye keria. Au unataka nikuweke mbele kwenye bomba?"

"Mama, watu wataniona!"

"Watu wote wako kwenye mpira."

Masoudi akakuna kichwa. Akatazama njia, tupu mbele, tupu nyuma. "Mimi mzito, Mama."

"Kilo ngapi?"

"Themanini. Na kidogo."

Bibi Biasha aliangua kicheko kilichomtoa machozi, na hakumwambia anacheka nini. Akachomoa fagio, akampa alishike. Masoudi akakaa kwenye keria, miguu imening'inia huku na huku, na mama akakanyaga.

Na baiskeli ikatulia.

Siku tano ilikuwa inapepesuka chini yake, na sasa, mara tu uzito ule ulipokaa nyuma, gurudumu la mbele likashika njia likanyooka. Mikono ikajikuta mahali ilipopazoea. Mapaja yakaitambua kazi. Mchanga wote ule uliochekwa, na kigoda chote kile, na safari zote za Nachingwea, vikakutana pedalini, na Bibi Biasha akahisi raha ambayo hakuihisi tangu mumewe alipokuwa hai akimsubiri mlangoni na magunia. Mteremko wa kwanza Masoudi alifumba macho. Mlima wa kwanza alitaka kushuka.

"Kaa! Huu si mlima."

Mlima wa pili ulikuwa mlima kweli. Walishuka wote, mama akasukuma, na Masoudi akatembea pembeni mikono nyuma, asije akagusa baiskeli akamharibia mama yake.

"Mama," akasema, "huchoki?"

"Nachoka. Kuchoka si kushindwa." Halafu akatabasamu. "Tena ng'ombe haelemewi na nunduye."

Masoudi alitazama mkono wa mama yake juu ya usukani, mishipa imesimama. Alipopanda tena hakuuliza nani anaona.

Waliingia Nachingwea saa kumi na mbili kasoro, jua linaelekea kuzama na soko linafunga. Bonifasi alikuwa anaingiza baiskeli za watu ndani. Aliona mwanamke wa Kimwera anakuja moja kwa moja barabarani, hapepesuki hata kidogo, na nyuma yake dume la mtu limekumbatia fagio.

"Jamani!" akapiga ukelele, soko zima likageuka. "Nilinoa jembe nimzike Mmwera, kumbe amekwenda kunihamishia ukoo mzima! Ng'ombe hazeeki maini!"

Hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe kwa muuza unga wa jirani, akachukua kibaba cha unga wa muhogo, akakaa chini mbele ya kibanda, akainamisha kichwa. Bibi Biasha akamwaga wote, taratibu, kwa heshima zote za utani, na wanawake wa soko wakapiga vigelegele mpaka watu wa stendi wakaja kuuliza arusi ni ya nani.

Jumapili asubuhi Masoudi alikuwa na nafasi ya kurudi kuitengeneza pikipiki. Hakwenda. Alitoka nje akamkuta mama yake anakaza mipira ya keria, akaketi juu ya keria hiyo bila kuambiwa.

Mzee Mbaruku alikuwa ameketi kizingitini kwa dada yake tangu alfajiri, na nusu ya Chiola imesimama uani, karani wa ghala na Tabitha wakiwemo. Baiskeli ikaingia uani na watu wawili. Bibi Biasha akashuka, akaiegemeza ukutani, akakaa kwenye kigoda chake, akainuka bila kushika popote, ili Tabitha aone.

"Shahidi," Mzee Mbaruku akaita. "Sema mbele ya watu. Kuna aliyebebwa?"

Masoudi akavua kofia. "Yupo, Mjomba."

Watu wakaguna. Tabitha akashika mdomo.

"Nani?"

"Mimi. Kilomita kumi na tano jana, na leo kutoka Nachingwea mpaka hapa. Mama hakubebwa hata hatua moja. Mjomba, mama yangu ana nguvu kunishinda. Nilikosea, na nimefurahi kukosea."

Kelele zilizofuata uani pale ziliwashinda hata watu wa uwanjani. Mzee Mbaruku alingoja zikaisha. Akafungua kopo lake la ugoro, akalifunga bila kunusa.

"Nilisema mwenye kubebwa afungashe vyombo," akasema. "Neno langu silirudishi. Masoudi, mwezi wa kumi ufunge duka, uje ukae hapa kwa mama yako mpaka korosho ziishe."

Na mwezi wa kumi Masoudi alikuja kweli, ana godoro, ana mkewe, na ana tyubu mbili za akiba. Kile kiroba cha mchanga alikikuta bado barazani. Alijaribu kukiinua akisogeze kando apitishe godoro, kikamshinda, ikabidi amwite mama yake.